Ukurasa wa Wafu

Pale bombani Mnyambe, ndoo ndizo zinazopanga foleni. Mtu huweka ndoo yake nyuma ya ndoo ya mwenzake, akaenda zake kivulini kupiga soga, na maji yakianza kutoka, yeyote aliye karibu huzisukuma zote mbele kwa mguu bila kuuliza hii ya nani. Asubuhi ile zilisukumwa zote isipokuwa moja ya bluu. Wanawake waliizunguka kama mtu anavyozunguka mavi ya mbwa njiani, foleni ikasonga, ikaiacha nyuma peke yake. Ilikuwa ndoo ya Mwanaisha.

"Jamani, mbona yangu imebaki?" aliuliza, akijitahidi ichukuliwe kama utani.

Mama aliyekuwa karibu yake, ambaye Mwanaisha mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuumua vitumbua, alianza kutafuta kitu kwenye pindo la kanga yake. Alikitafuta kwa bidii, na hakukipata mpaka Mwanaisha alipoinama akaichukua ndoo ikiwa tupu. Aliondoka bila kugeuka nyuma. Alijua akigeuka atakuta wote wanamtazama, na hilo lilimtisha kuliko kukosa maji ya kupikia.

Sababu aliijua. Juma lililotangulia walikuwa wamemzika Alfredi, mtoto wa pekee wa jirani yake Agatha, kitoto cha miaka minne kilichokuwa kikiingia nyumba zote mbili bila kubisha hodi. Homa ilimpanda ghafla, degedege likamshika, na walipomfikisha hospitali Newala mjini hakuwa tena na nguvu ya kulia. Malaria imepanda kichwani, daktari alisema, na hakukosea. Lakini daktari alibaki mjini, na Mnyambe watu walikuwa na maelezo yao wenyewe. Kabla hajaugua, Alfredi alimsimulia mama yake kwamba bibi wa nyumba ya pili amechimba shimo chini ya mkorosho wa mpakani, amechinja kuku, damu akaimwaga shimoni, na kwamba yeye alikuwepo akitazama, akapewa asali kidogo alambe.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa Bi Zabibu, mama yake Mwanaisha.

"Mama, ulichimba kweli?" Mwanaisha alikuwa amemuuliza siku ya mazishi, wakiwa wamefunga mlango.

"Nilichimba," alisema Bi Zabibu, kwa sauti ileile ambayo angesema ametia chumvi. "Kama yule wa kwenye kitabu. Si wewe uliyenisomea?"

Kitabu kilikuwa cha marehemu kaka yake Mwanaisha. Mwalimu Uwesu alifundisha Kiswahili sekondari huko Masasi, na kila likizo alipanda Mnyambe na vitabu kwenye begi. Mara ya mwisho alileta kimoja kinene, utenzi wa Wagiriki wa kale uliotafsiriwa upya kwa Kiswahili cha siku hizi, habari za mtu aliyetoka vitani akapotea baharini miaka na miaka akitafuta njia ya kurudi kwao. Jioni, wanawake wakibangua korosho uani, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze, yeye aliwasomea. Bi Zabibu, ambaye bahari aliiona mara moja tu Mtwara na hakuipenda, alimpenda mtu yule tangu siku ya kwanza.

"Mwongo sana huyu," alikuwa akisema, huku akicheka. "Lakini kwao hajapasahau. Soma, mwanangu, tuone leo atamdanganya nani."

Hawakumaliza. Uwesu alikufa masika, kwa pikipiki, kwenye barabara ya Masasi. Habari zilipofika Mnyambe mvua ilikuwa imeharibu njia ya mteremkoni, gari walilopanda likanasa kwenye tope, na walipofika Masasi walikuta watu wanatoka makaburini. Maiti haicheleweshwi, Mama, watu walimwambia Bi Zabibu, naye akakubali, maana ndivyo dini inavyosema na ndivyo alivyowafundisha wanawe. Lakini uso wa mwanawe hakuuona, na jambo hilo lilimkaa kifuani. Aliporudi nyumbani alimmwagia Uwesu unga kama wanavyofanya watu wote wa huku: unga mweupe, kichuguu kidogo chini ya mti, asubuhi, mbele ya majirani, na dua ikasomwa. Akamngoja angalau aje ndotoni. Hakuja.

Ndipo Mwanaisha, kwa huruma, akakichukua kitabu akaendelea pale kaka yake alipoishia. Akafika mahali ambapo yule msafiri anakwenda mpaka mwisho wa dunia kuwatafuta wafu. Anachimba shimo, anamimina humo asali na maziwa na maji, ananyunyiza unga mweupe, anachinja, na wafu wanapanda kutoka kuzimu wamesongamana kuja kunywa damu. Anayekunywa hupata sauti, akazungumza na aliye hai. Bi Zabibu aliacha kubangua.

"Unga," alisema. "Hata wao wanamwaga unga."

Aliomba asomewe tena, na kesho yake tena, na Mwanaisha akamsomea akifurahi kwamba mama yake amepata kitu cha kumliwaza. Kumbe mwenzake alikuwa anakariri.

Sasa, huku uwandani kumwaga unga ni jambo la heri, linafanywa peupe na kila mtu analijua. Lakini hakuna anayechimba. Kuchimba ni kufukia, na anayefukia kitu karibu na mpaka wa jirani anajulikana ni mtu wa namna gani. Bi Zabibu, aliyeijua mila kuliko wengi, aliiweka kando kwa sababu alikwisha kuifuata na haikumletea mwanawe. Alijaribu ya wageni. Wala hakujificha, alichimba mchana, watu wakiwa mashambani, chini ya mkorosho ambao Uwesu aliupanda alipokuwa darasa la nne. Ukimweleza mtu hivyo akiwa ametulia ataelewa. Hakukuwa na mtu aliyetulia Mnyambe juma lile.

Na neno lililokuwa likizunguka halikuwa kwamba Alfredi amerogwa tu. Lilikuwa baya zaidi. Walisema hakufa. Walisema kilichozikwa ni kipande cha mgomba, na mtoto mwenyewe amefanywa ndondocha, anafichwa mchana na kutumwa usiku kulima na kubeba maji, ulimi umekatwa asiweze kumwita mama yake.

*

Mwanaisha aliporudi na ndoo tupu alimkuta mumewe, Haji, anafunga mfuko wa nguo. Binti yao Zuhra alikuwa amesimama kando, na yeye ana mfuko wake, macho yamevimba.

"Nampeleka Zuhra Chiwata kwa dada yangu," Haji alisema. "Watoto hawafai kusikia maneno haya."

"Na wewe?"

"Nitakaa naye kidogo. Asije akapata upweke."

Zuhra alikuwa na umri wa kusonga ugali wa watu kumi, na kwa shangazi yake kulikuwa na watoto kama vifaranga. Mwanaisha aliutazama mfuko wa mumewe. Kanzu ya Idi ilikuwa imechomoza juu, imekunjwa vizuri. Mtu anayekwenda kukaa kidogo habebi kanzu ya Idi.

"Baba Zuhra," alisema taratibu, "kesho kutwa watu wakija hapa na hasira zao, nani atasimama mlangoni?"

Haji alikaza kamba ya mfuko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume aliyekuja kuoa na kukaa kwa wakwe, kama ilivyo desturi, na katika mambo ya ukoo wa mke neno lake halikuhesabiwa hata siku za raha. "Mimi hapa ni mgeni," alisema. "Hayo ni maneno ya wajomba. Kaka yako angekuwepo..."

Alichukua mfuko mmoja begani na mwingine mkononi. Zuhra alimkumbatia mama yake, akaingia ndani kumuaga bibi yake, akatoka haraka mno. Mwanaisha alielewa kwamba binti yake naye aliogopa kukaa peke yake chumbani na bibi yake mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko kanzu.

Kwa sababu, na hapa tuseme kweli, hata yeye aliogopa. Si kila saa. Lakini mama yake akiwa ameketi kimya, amekodoa macho kwenye ule mkorosho, Mwanaisha alijikuta anajiuliza: je, kama kitu kilikuja? Kama aliita mmoja, akaitikia mwingine, na kiliposhindwa kunywa cha kutosha kikamchukua mtoto aliyekuwa karibu? Alijikemea, akasoma Kulhuwallahu mara tatu, akaenda kuchochea moto. Wazo likamfuata mpaka jikoni.

*

Alasiri walikuja watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Shamte, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole ambaye upole wake ulimsaidia sana kutokuamua jambo lolote. Wa pili alikuwa Zabroni, kaka yake Agatha, dereva wa bodaboda. Kwa watu wa huku mjomba ndiye mwenye mtoto, na Zabroni alikuwa amemlea Alfredi tangu baba yake alipokwenda machimboni asirudi tena. Hakuwa amenyoa ndevu tangu mazishi.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Mwanaisha.

"Marahaba, Mama Zuhra. Mama yupo?"

"Yupo, amejipumzisha."

"Mwache apumzike." Shamte aliketi kwenye ukingo wa kigoda, kama mtu anayetaka kuondoka. "Vijana wamekubaliana kumleta mtaalamu kutoka ng'ambo ya mto. Atakuja kukisafisha kijiji. Kila kaya inachangia."

Mwanaisha alimjua mtaalamu huyo, maana kila mtu alimjua. Mwaka uliopita aliitwa kijiji kimoja cha bondeni. Aliwapanga wazee mstari, akawanywesha dawa, akawanyoa vichwa hadharani, na yule aliyetapika kwanza alisindikizwa kwake na watoto wakimrushia mawe. Usiku nyumba yake iliungua. Hakuna aliyejua nani aliwasha.

"Mnanitoza mchango," alisema, "wa kumleta mtu wa kumnyoa mama yangu?"

"Kama hana kitu atatoka salama," Zabroni alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Asiyechangia tutajua kwa nini."

Mwanaisha aliingia ndani, akafungua kopo la hela za vitumbua, akatoa. Zabroni hakuzipokea mkononi. Alionyesha kwa kidevu, naye akaziweka chini, juu ya jiwe, kama mtu anayelisha kuku.

"Zabroni, mdogo wangu," alisema Mwanaisha. "Fredi alikuwa analala hapa. Unajua."

"Najua alikuwa analala hapa. Unajua na mimi nalala wapi sasa? Kizingitini kwa dada yangu. Kwa sababu kukipambazuka tu anatoka, anaingia kwenye mihogo ya watu anamwita mtoto. Anamwita kwa sauti ya chini, ili waliomficha wasisikie. Mimi ndiye ninayemfuata kumrudisha." Aliziokota hela kutoka juu ya jiwe. "Kwa hiyo usiniambie habari za kulala."

Shamte alikohoa. Alisema kwamba yeye kama kiongozi hapendi haraka, na kwa hiyo kesho baada ya alasiri kutakuwa na kikao kwanza kwenye baraza la ghala la korosho. Bi Zabibu aje. Na kitabu kije.

"Kitabu?"

"Tumesikia mna kitabu," alisema Shamte, akiepuka macho yake. "Cha kuitia wafu."

*

Walipoondoka, Mwanaisha alikaa mlangoni penye mwanga akakifungua kitabu. Aliwaza kwamba akipata ukurasa mzuri, wa bibi harusi labda, au wa karamu, atawasomea huo, na watu wataona ni hadithi tu.

Alifungua mahali akakuta mwanamke anawapikia wageni chakula chenye dawa, na wote wanageuka nguruwe. Akafunga. Akafungua kwingine, akakuta jitu la jicho moja linamla mtu na mifupa yake. Akapindua kurasa nyingi kwa pamoja: mtu amefungiwa upepo kwenye mfuko wa ngozi. Kaka yake aliposoma mambo haya walicheka mpaka wakajiunguza na korosho. Sasa kila ukurasa ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia, na mwisho aliona kwamba ule wa shimo, pamoja na damu yake, ndio wenye nafuu.

"Kichome," alijiambia. Makaa yalikuwa bado mekundu jikoni.

"Ukikichoma watasema tumeficha," mama yake alisema nyuma yake. Bi Zabibu alikuwa ameamka, ameshika ukuta. "Na mimi nitakosa kujua kama yule mwongo alifika kwao."

"Mama, tuondoke. Tushuke Masasi kabla ya kesho. Kwa mke wa Uwesu tutapata pa kulala."

"Nikiondoka nimekubali." Bi Zabibu alikaa chini kwa shida, akanyoosha miguu. "Mwanaisha, unaniogopa?"

Mwanaisha alitaka kusema hapana. Neno lilikawia, na katika kukawia kwake mama yake alipata jibu.

"Haya," Bi Zabibu alisema. Alivuta kanga akajifunika mabega, na hawakuzungumza tena mpaka ugali ulipoiva, na hata hapo walizungumzia ugali.

*

Barazani kwenye ghala kulikuwa na watu kuliko siku za mnada wa korosho. Wanaume walikaa juu ya magunia matupu, wanawake chini. Mwanaisha na mama yake walipofika, njia ilifunguka mbele yao pana kupita kiasi. Agatha alikuwa ameegemea nguzo, amejifunika kaniki mpaka kichwani, midomo imekauka. Mwanaisha alimwangalia, mtu waliyechezwa naye unyago mwaka mmoja, na Agatha hakumwona, au alimwona akapita.

Shamte alifungua kikao kwa maneno mengi. Akasema kijiji kimepata msiba, akasema yeye hamtuhumu mtu, kisha akamwambia Mwanaisha asome.

"Ni hadithi tu, Mwenyekiti. Utenzi, kama zile tenzi za shuleni. Wa Wagiriki, watu wa zamani sana."

"Basi soma."

"Na usome palepale pa shimo," alisema Zabroni. "Usituchagulie."

Mwanaisha alianza kusoma kwa sauti ya chini. Mstari wa kwanza hakuna aliyeusikia. "Sauti," mtu alisema nyuma. Akaanza upya. Akasoma jinsi msafiri alivyofika pale pasipo na jua, jinsi alivyochimba, asali, maziwa, maji, unga. Minong'ono ikaanza kwenye unga. Alipofika kwenye damu mwanamke mmoja aliinuka, akambeba mwanawe akaondoka, na kijana mmoja akasema kwa sauti, "Si mnaona? Imeandikwa kabisa." Kuacha kungekuwa kubaya zaidi, kwa hiyo hakuacha. Wafu wakapanda kutoka kuzimu. Msafiri akawazuia kwa upanga. Na katikati yao akamwona mama yake, ambaye alimwacha nyumbani akiwa hai, wala hakuwa amesikia kwamba amekufa.

Hapo minong'ono ilipungua. Mwanaisha alisoma jinsi mwana anavyouliza umekufa kwa nini, ni maradhi gani, na mama anavyojibu kwamba hakuna maradhi, ni kukungoja wewe. Alisoma jinsi mwana alivyonyoosha mikono kumkumbatia, mara tatu, na mara zote tatu mikono ikakumbatia hewa. Mzee mmoja juu ya gunia alivua kofia yake, akaitazama ndani. Hapakuwa na nyumba Mnyambe isiyokuwa na mtu aliyefia mbali, Msumbiji kwenye rubi au Dar es Salaam kwenye ujenzi, akazikwa na wasiomjua. Walikuwa wanamsikiliza Mgiriki kwa sababu zao wenyewe.

"Mimi nilitaka hivyo tu," Bi Zabibu alisema.

Hakuna aliyempa ruhusa ya kusema, na hakuna aliyemzuia.

"Mwanangu alizikwa sikumwona. Nikamwaga unga, hakuja. Nikafanya kama huyu, nikachimba, nikamwaga vyote, nikakaa pale mpaka jua likazama. Hakuja. Aliyekuja ni Fredi, akaniuliza, bibi unafanya nini, akaketi na mimi. Asali ilibaki kidoleni nikampa, kwa sababu huwezi kula mbele ya mtoto. Hayo ndiyo yote. Ningekuwa na uwezo huo mnaousema, jamani, ningebaki na shimo tupu?"

Mwanaisha aliona nyuso chache zikilegea. Aliona pia nyingine zikimgeukia Zabroni.

"Maneno," alisema Zabroni. "Afanyaye ndiye anayejua kusema hakufanya. Mtaalamu kesho yupo hapa. Atakunywa dawa, tutaona."

"Kweli," sauti mbili tatu zilisema. "Anywe." Kijana mmoja alisimama, na wengine wakasimama naye. Shamte aliinua mkono, akaushusha. Akilini Mwanaisha alimwona mama yake amenyolewa, amepiga magoti mavumbini, watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa wakiokota mawe.

"Mama Zuhra."

Alikuwa Agatha. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka, na waliosimama walinyamaza ili waisikie.

"Hao waliokuja kunywa," Agatha alisema. "Wafu. Kulikuwa na watoto?"

Mwanaisha alitazama ukurasa. Hakuhitaji kuutazama, aliusoma mara nyingi mno. Kulikuwa na mabibi harusi. Kulikuwa na wavulana waliokufa hawajaoa, wazee waliochoka na dunia, mabinti, askari wenye majeraha. Watoto wadogo hawakuwemo. Akalielewa swali. Kama wafu wote wa dunia walipanda na hapakuwa na mtoto hata mmoja, basi watoto hawaendi huko, basi wale waliosema habari za mgomba wamesema kweli, na Fredi yuko mahali fulani, hana ulimi, anabeba maji ya mtu.

"Walikuwepo," alisema.

"Nisomee."

Aliinamisha kichwa. Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma yasiyokuwepo.

"Wakaja na watoto wadogo, wameshikwa mikono na bibi zao. Hawakulia. Hakuna aliyewatuma kazi. Walicheza pembeni, na walipochoka walilala."

Agatha alikuwa ameishusha kaniki mabegani. "Soma tena."

Hilo Mwanaisha hakulitazamia. "Wakaja na watoto wadogo," alianza, "wamebebwa na bibi zao. Hawakulia, wala hakuna aliyewatuma. Walicheza..."

"Mwanzo ulisema wameshikwa mikono," alisema Zabroni. "Sasa wamebebwa."

Zabroni aliinuka, akawapita watu, akasimama mbele yake. Alikuwa na kidato cha nne, na kila mtu pale alijua kwamba anasoma vizuri.

"Lete hicho kitabu."

Alimpa. Angefanya nini? Alibaki amekaa, mikono mitupu mapajani, anajua kwamba amemuua mama yake. Zabroni akitamka tu kwamba haipo, hadithi yote itakuwa uongo, na maneno ya mama yake yatakuwa uongo, na hata kesho hawatangoja. Bi Zabibu aliutafuta mkono wake, akaushika. Mwanaisha aliushika kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

Zabroni alisoma. Kidole chake chenye grisi kilipita chini ya mistari, mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka mwisho wa ukurasa. Akapindua. Akasoma nyuma. Akarudi akaanza upya kutoka juu. Kisha aliinua macho akamtazama Mwanaisha, na Mwanaisha akaona kwamba anajua.

"Zabroni," Agatha aliita. Alikuwa amejiinua kutoka kwenye nguzo, amepiga magoti. "Ipo?"

Zabroni aligeuka akamtazama dada yake. Miguu ya Agatha ilikuwa na matope ya kwenye mihogo, yamekaukia hapohapo.

"Ipo," alisema. "Ipo, dada. Wanacheza pembeni, kama alivyosoma. Wakichoka wanalala."

Kisha akakifunga kitabu, asije mwingine akaomba kukiona.